Uchovu wa Kazi si Ugonjwa wa ME: Tofauti na Namna ya Kuitambua

Mtu anayerejea nyumbani jioni baada ya shughuli za kutwa hulakiwa kwa salamu ijulikanayo na kila msemaji wa Kiswahili: "Pole kwa kazi." Jawabu lake, hasa kwa aliyelelewa katika Kiswahili cha pwani, ni "Nishapoa." Salamu hii fupi imebeba nadharia nzima ya uchovu. Inadokeza kwamba uchovu una chanzo, nacho ni kazi. Kwamba una kikomo, nacho ni pumziko. Na kwamba aliyechoka atapoa, na pengine amekwisha kupoa hata kabla hajaketi. Kwa walio wengi nadharia hiyo ni sahihi kabisa. Hata hivyo, wako watu ambao hawana jawabu la kweli la salamu hiyo, kwa kuwa hawakufanya kazi ya kuwachosha kiasi hicho, wala hawapoi wanapopumzika. Makala haya yanakusudia kueleza hali ya watu hao, yaani wagonjwa wa ensefalomielitisi ya mialjia, ugonjwa unaotajwa kwa kifupi kuwa ME, na kuonyesha jinsi unavyotofautiana na uchovu utokanao na kazi nyingi. Tofauti hiyo si ya kuwapa wasomi jambo la kujadili tu. Ushauri unaomwinua mmoja wa watu hawa wawili ndio huo huo unaomlaza mwenziwe kitandani.

Uchovu wa kazi ulivyo

Hakuna haja ya kwenda mbali kuutafuta uchovu wa kazi. Katika mtaa wa Kabiria, magharibi mwa jiji la Nairobi, jirani na Kawangware, Riruta na Waithaka, uchovu huo huonekana barabarani kuanzia alfajiri. Mafundi na vibarua wa mjengo huondoka kabla ya jua kuchomoza. Akina mama wa kufua nguo huelekea Lavington na Kileleshwa kungoja kuitwa. Walinzi wa usiku hupishana nao njiani wakirudi kulala, na mama mboga wamekwisha kuamka zamani kwenda sokoni. Asiye na nauli ya matatu hutembea, tena huenda na kurudi. Jioni bado kuna mitungi ya maji ya lita 20 ya kupandishwa ghorofani katika majumba yasiyo na lifti. Ama kweli, anayesema hapo kwamba amechoka hahitaji kuleta ushahidi.

Mwili wa mtu kama huyo umefanya mambo yanayoeleweka vyema. Misuli imetumia akiba yake ya sukari, iitwayo glaikojeni. Nyuzi ndogo za misuli zimepata michubuko isiyoonekana kwa macho. Ubongo ulionyimwa usingizi unadai deni lake. Kiswahili kimeyapa maumivu ya hali hiyo jina lake, mavune, neno ambalo kwa bahati mbaya vijana wa mjini wanalisahau. Mavune huzidi siku ya pili au ya tatu baada ya kazi ngeni au nzito, kisha huondoka. Yakiondoka, huacha misuli imekomaa kidogo kuliko ilivyokuwa. Ndiyo sababu kibarua mpya hulia wiki ya kwanza, lakini mwezi wa pili hubeba mawe huku akipiga soga.

Kuna pia uchovu wa kazi ulio mzito kuliko mavune, nao ni ule wa mtu aliyechakazwa na ajira yake kwa miezi au miaka. Mwalimu mwenye darasa lenye wanafunzi wengi kupita kiasi, muuguzi asiyepata zamu ya kupumzika, au karani anayeamka kila siku akiichukia ofisi yake, wote wanaweza kufika hapo. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii kwa sifa tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuikebehi, na kushuka kwa ufanisi kazini. Shirika hilo lilisema waziwazi kwamba hilo ni jambo la mazingira ya kazi, wala si ugonjwa. Mtu huyu akipewa likizo ya kutosha, akabadilishiwa majukumu, akalala vizuri na kufanya mazoezi ya mwili, aghalabu hurejea katika hali yake. Inaweza kumchukua wiki nyingi, lakini kila anapopumzika huongeza kitu katika akiba yake.

Uchovu usiolipika

ME ni kitu kingine. Mfano wa kubuni utaifanya tofauti ionekane. Chukua wanawake wawili wa Kabiria, wenye umri mmoja na kazi moja ya kufua nguo. Wote wawili Ijumaa jioni husema maneno yale yale: "Nimechoka, sijiwezi." Wa kwanza amefua siku tano mfululizo. Jumamosi analala hadi saa nne asubuhi, mikono na mgongo vikimuuma; Jumapili anaenda kanisani, anapika, anacheka na majirani; Jumatatu yuko njiani tena. Wa pili aliwahi kufanya kazi kama mwenziwe, hadi alipougua homa iliyofanana na mafua makali. Homa ilipoa, nguvu hazikurudi. Sasa amefua nguo za nyumba moja tu, Jumatano, naye Jumatano yenyewe alionekana mzima. Alhamisi alijisikia mzito. Ijumaa koo linamwasha, tezi za shingo zinauma, kichwa kinagonga, mwanga wa dirishani unamchoma, na jina la jirani yake wa miaka mingi limemtoka. Jumapili bado amelala. Akilala saa kumi huamka kama mtu ambaye hakufumba jicho. Kazi ya siku moja imemgharimu wiki.

Kiini cha ugonjwa huu ni hicho kilichompata mwanamke wa pili baada ya Jumatano. Katika makala haya kitaitwa mzoroto wa baada ya jitihada. Jitihada yenyewe inaweza kuwa ya mwili, kama kupanda ngazi na mtungi, au ya akili, kama kusoma kwa saa moja au kusikiliza mazungumzo ya watu wengi kwa pamoja. Mzoroto aghalabu hauji papo hapo. Huchelewa kwa saa 12 hadi 48, kisha hukaa siku, wiki, na pengine miezi. Kiswahili kina majina ya siku ambayo lugha nyingi hazina, nayo yanafaa mno hapa: anayefanya jitihada leo huanza kulipa kesho, hulipa kwa ukali kesho kutwa, na huenda akawa bado analipa mtondo na mtondogoo.

Msomaji makini ataona kwamba mavune nayo huchelewa, na ni kweli. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Lakini mavune hukaa katika misuli iliyofanya kazi. Aliyepasua kuni huumwa mabega, haumwi koo, wala haishiwi na maneno. Mzoroto wa ME huushika mwili wote pamoja na akili, hata kama kilichotumika ni macho na kitabu peke yake. Tena mavune humwacha mtu na nguvu zaidi, ilhali mzoroto ukirudiwarudiwa unaweza kumwacha chini ya pale alipokuwa, na asipande tena. Ukipenda mfano wa deni, uchovu wa kazi ni deni la dukani lililoandikwa kwenye daftari: linalipwa mwisho wa wiki na ukurasa unafungwa. ME ni mkopo wa riba ya kila siku, ambao kiasi kilichokopwa ni kidogo mno kulinganisha na kinachodaiwa.

Vipo vipimo vinavyoonyesha kwamba haya si maneno matupu. Watafiti wamewapandisha wagonjwa kwenye baiskeli ya mazoezi siku mbili mfululizo na kupima hewa wanayoivuta na kuitoa. Mtu mzima wa afya, hata yule asiyefanya mazoezi kamwe, hutoa siku ya pili matokeo yanayokaribiana na ya siku ya kwanza. Kwa wagonjwa wengi wa ME, uwezo wa siku ya pili huporomoka. Mtu hawezi kuigiza jambo hilo kwa urahisi, kwa sababu kinachopimwa ni kemia ya mwili wake, na bidii anayoionyesha haibadilishi hesabu hiyo.

Kipimo hicho ni ghali, nacho chaweza kumdhuru mgonjwa. Kipo kingine kinachohitaji saa ya mkononi na mashine ya kupimia shinikizo la damu, vitu vilivyomo hata katika zahanati ndogo. Mgonjwa hulala chali kwa dakika kadhaa, mapigo yake ya moyo yakahesabiwa. Kisha husimama akiegemea ukuta kwa dakika 10, yakaendelea kuhesabiwa. Wagonjwa wengi wa ME hawastahimili kusimama. Wengine mapigo yao hupanda kwa 30 au zaidi kwa dakika, wengine shinikizo la damu hushuka, nao huona kizunguzungu, hutokwa na jasho au hulazimika kuketi. Kipimo hiki peke yake hakithibitishi ME, ila kinampa daktari jambo la kuandika mahali ambapo huenda angeandika kwamba mgonjwa hana kitu.

Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipochapisha ripoti yake kuhusu ugonjwa huu mwaka wa 2015, iliweka masharti yanayofaa kukumbukwa. Uwezo wa mtu wa kufanya shughuli alizozizoea uwe umeshuka sana kwa zaidi ya miezi 6. Uchovu wake uwe na mwanzo unaojulikana, usiwe umetokana na kujitumikisha kupita kiasi, na usiondoke kwa kupumzika. Kuwe na mzoroto wa baada ya jitihada. Na usingizi uwe hauburudishi. Juu ya hayo, kuwe na ama ukungu wa akili ama kushindwa kustahimili kusimama. Ni dhahiri kwamba uchovu wa kazi umetolewa nje kwa maneno yaliyo wazi. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba Marekani pekee ina wagonjwa kati ya 836,000 na milioni 2.5, wengi mno wakiwa hawajaambiwa jina la ugonjwa wao, na kwamba angalau robo ya wagonjwa hukaa ndani ya nyumba au kitandani wakati fulani. Barani Afrika, utafiti uliofanywa nchini Nigeria na kuchapishwa mwaka wa 2007 ulikadiria kuwa asilimia 0.68 ya watu wazima wana uchovu sugu wa aina hii. Kwa hiyo dai kwamba haya ni maradhi ya Wazungu wenye nafasi ya kulala mchana halina msingi.

Ugonjwa uliotiliwa shaka

Dai hilo halina msingi hata kihistoria. Mwaka wa 1955 ugonjwa wa ajabu uliwashika wauguzi wa hospitali ya Addington mjini Durban, Afrika Kusini. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, hospitali ya Royal Free jijini London ilikumbwa na ugonjwa uliofanana na huo. Wafanyakazi 292 waliugua, na hospitali ikafungwa hadi Oktoba. Inafaa kuangaliwa kwamba walioanguka walikuwa wafanyakazi, na wagonjwa waliolazwa wakaponea kwa wingi. Mtu angeweza kusema basi kwamba wauguzi walichoka kwa kazi. Lakini uchovu wa kazi hauleti homa, haulegezi misuli ya uso, wala haufungi hospitali nzima kwa majuma. Mwaka wa 1956 jarida la Lancet lilipendekeza jina la ensefalomielitisi ya mialjia. Mialjia ni maumivu ya misuli. Ensefalomielitisi ni uvimbe wa ubongo na wa ugwemgongo, yaani ile kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo. Daktari Melvin Ramsay, aliyekuwa Royal Free wakati huo, aliendelea kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi, naye ndiye aliyesisitiza kwamba alama kuu ni misuli inayochoka kwa jitihada ndogo na kuchukua siku tatu au zaidi kurejea hali yake. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa huu miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa neva tangu 1969.

Mwaka wa 1970, hata hivyo, madaktari wawili wa Uingereza waliosoma kumbukumbu za Royal Free walidai kwamba yote yalikuwa mapepe ya wanawake walioambukizana hofu. Kumbukumbu hizo walizisoma bila kuwachunguza wagonjwa wenyewe. Kisha mwaka wa 1988 wataalamu wa Marekani wakaupa ugonjwa jina jipya lenye maana ya sindromu ya uchovu sugu. Ni vigumu kufikiria jina ambalo lingefanya madhara zaidi. Tangu hapo kila aliyewahi kuchoka alijiona anaufahamu ugonjwa huo. Ni sawa na kuuita ugonjwa wa kifua kikuu "kikohozi cha muda mrefu" na kumwachia kila mtu atoe ushauri wake.

Ushauri ulitolewa, tena na wakubwa. Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa waongeze mazoezi hatua kwa hatua, kwa imani kwamba kilichowadhoofisha ni woga na kukaa bure. Mwongozo rasmi wa tiba wa Uingereza wa mwaka wa 2007 ulipendekeza hivyo. Wagonjwa wengi walilalamika kwamba walizidiwa, na waliokuwa wakitembea wakaishia kitandani. Mwezi wa Oktoba 2021 chombo kile kile cha Uingereza kinachotoa miongozo, NICE, kiligeuka. Kilisema kwamba mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba iliyopangwa yasitolewe kwa watu wenye ME. Badala yake kilielekeza kwamba mgonjwa afundishwe kuishi ndani ya mipaka ya nguvu zake. Mwaka wa 2025 watafiti wanaoongozwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh, waliochunguza vinasaba vya zaidi ya wagonjwa 15,000, walitangaza kwamba walipata sehemu 8 za vinasaba zinazotofautiana na za watu wengine, baadhi zikihusiana na kinga ya mwili na mfumo wa neva. Tiba ya kuponya haijapatikana, ila hoja ya uvivu imepata pigo.

Zahanatini na kazini

Turudi Kabiria, kwa yule mwanamke wa pili wa mfano. Akienda kutafuta tiba, njia yake ya kawaida ni kuanzia zahanati ya mtaani au Kituo cha Afya cha Riruta, pengine hospitali ya Mutuini, na akipewa barua, afike Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Kila hatua ina foleni, na foleni ni kusimama. Anajiandaa kwa kulala siku mbili, anavaa vizuri, anaingia kwa daktari akiwa katika saa yake bora ya wiki. Daktari anamwona mtu anayeongea na kutembea. Mzoroto utakuja kesho kutwa, nyumbani, mahali ambapo hakuna mwenye koti jeupe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huyu hakuficha kitu, maradhi yenyewe ndiyo yaliyojificha kwa siku mbili.

Mara nyingi ataambiwa ana malaria na homa ya matumbo. Maneno haya mawili yameoana katika vinywa vya Wakenya kama chai na mandazi. Nairobi si mahali penye maambukizi mengi ya malaria, japo aliyetoka safari ya magharibi mwa nchi au pwani lazima apimwe. Kuhusu homa ya matumbo, kipimo cha damu kiitwacho Widal hutoa majibu ya uongo mara nyingi, na watu hunywa dawa za viuavijasumu mara tatu nne kwa mwaka kwa ugonjwa wasiokuwa nao.

Haifai, kwa upande mwingine, mtu anayechoka akimbilie kujiita mgonjwa wa ME. Hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuuthibitisha, kwa hivyo daktari hana budi kwanza kuyaondoa mengine, na mengi katika hayo yana tiba. Upungufu wa damu, hasa kwa wanawake wenye hedhi nzito, huleta uchovu na mapigo ya moyo ya haraka. Kifua kikuu na virusi vya UKIMWI huanza kwa ulegevu. Kisukari, maradhi ya moyo na ya tezi dundumio hufanya vivyo hivyo. Bruselosi, inayopatikana kwa kunywa maziwa ambayo hayakuchemshwa, huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo kwa miezi, nayo husahaulika sana mjini kana kwamba maziwa ya mjini hayatoki kwa ng'ombe. Kuna pia sonona, ambayo huchanganywa na ME kuliko maradhi yote. Hapa baadhi ya madaktari hutumia swali jepesi: "Ukiamka kesho umepona, utafanya nini?" Aliyezama katika sonona mara nyingi hukosa la kusema, kwa kuwa hamu yenyewe imekufa. Mgonjwa wa ME hutoa orodha ndefu hadi akakatizwa. Anatamani kufua, kusafiri, kumaliza masomo, kumbeba mtoto. Mwili ndio usioitika. Bila shaka mtu anaweza kuwa na yote mawili, na miaka ya kutosadikiwa inatosha kumletea mtu sonona.

Tangu mgonjwa wa kwanza wa korona atangazwe nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020, jambo hili limekuwa la watu wengi zaidi. Miongoni mwa waliopona korona duniani, wapo ambao hawakurudi kama walivyokuwa, na sehemu yao wanatimiza masharti yote ya ME. Ugonjwa wa Royal Free ulikuwa umewafundisha waliotaka kujifunza kwamba maambukizi yanaweza kuondoka na kuacha nyumba imebomoka.

Mahali ambapo tofauti hii hugharimu zaidi ni kazini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Kwa uchovu wa kawaida hiyo ni dawa ya kweli, iwapo mwajiri ataitii. Sheria hiyo hiyo inampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Kiwango hicho kimepimwa kwa maradhi yenye mwanzo na mwisho. Siku 14 hazimfai mtu ambaye ugonjwa wake huhesabiwa kwa miaka, na cheti hakipatikani kwa ugonjwa ambao daktari hakuuandika. Kibarua wa kufua nguo hana hata hizo 14. Siku asiyokwenda ni siku isiyo na unga. Hivyo yeye hujikaza, na kujikaza, ambako kwa jirani yake ni sifa, kwake ni sumu.

Kinachomfaa ni kuzipimia nguvu zake kama mtu apimiavyo mafuta ya taa yaliyobaki chupani. Aketi anapoosha vyombo na kumenya viazi. Kazi ya saa moja aikate vipande vya dakika kumi, alale kati ya kipande na kipande, na aache kabla hajachoka, jambo linalomshangaza kila anayemtazama. Mtungi upandishwe na kijana wa jirani. Siku anapojisikia mzima asiitumie kulipiza kazi zote za wiki, kwa maana hiyo ndiyo siku ya hatari kuliko zote. Mwanafunzi wa chuo mwenye ME naye hawezi kukesha kabla ya mtihani kama wenzake. Anahitaji muda wa ziada, chumba kisicho na kelele, na pengine mtihani uliogawanywa katika siku zinazoachana.

Jina na swali

Limebaki suala la lugha. Afrika ya Mashariki ina mazoea ya kuyaita maradhi kwa yale yanayoutenda mwili. Ugonjwa uliozuka kusini mwa Tanganyika mwaka wa 1952 ulipewa jina la Kimakonde, chikungunya, kwa jinsi ulivyowakunja watu viungo. Mwaka wa 1959 mwingine ukapata jina la Kiacholi huko Uganda, o'nyong-nyong, wenye kuvunja viungo. Dunia nzima inatumia majina hayo hadi leo. Kiswahili nacho kiliunda UKIMWI, na watu wakaweza kuuzungumza ugonjwa huo majumbani mwao. Kwa ME kuna "uchovu sugu" tu, tafsiri ya jina lililokwisha kuwadhuru wagonjwa kwa lugha ya asili. Kunyong'onyea, kuwa hoi bin taabani, ulegevu, mavune: yote haya yanasema mtu amefika wapi, na hakuna linalosema kwamba atazidiwa keshokutwa kwa kazi ya leo. Neno "mzoroto" limetumiwa hapa kwa kuwa linaeleza mwendo wa kushuka, na halimwambii msikilizaji kwamba naye amewahi kuwa nao. Wanafunzi wa isimu wakipata bora zaidi, na walilete.

Wakati neno likisubiriwa, swali linaweza kubadilika. Ukimwuliza yule mwanamke wa pili "Umechoka?", atajibu ndiyo, na wa kwanza atajibu ndiyo, na muuguzi aliyewauliza atajibu ndiyo pia. Ukimwuliza "Ukifua leo, kesho kutwa unakuwaje?", wa kwanza atacheka na kusema atakuwa anafua tena. Wa pili atanyamaza kidogo, kisha ataanza kueleza.